Kiti cha Upande wa Kushoto

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi, 11 Februari 2024

Yaya Casimir, kaka yangu,

Nakusalimu wewe na mkeo, mulamu wangu Albertine, na wote wa nyumbani Lukafu. Sisi huku tu wazima, ila mvua inatutesa. Maji yameingia sebuleni mara mbili wiki hii, na mwanangu Abigaël anasema heri tufuge samaki. Amepata kazi ya kufundisha shule ya msingi, hapa hapa mtaani Kenya. Mimi bado niko kwenye chumba cha kine, cha mazoezi ya viungo, pale hospitalini, nawakunja na kuwakunjua watu waliopatwa na kiharusi, ile tunayoiita AVC. Barua yako ya Januari ilifika, na uliyajibu yote niliyouliza, moja baada ya jingine, kama baba alivyotuzoeza alipokuwa akifanya kazi ya reli Sakania na kutuandikia kila mwezi. Hata rangi ya mbuzi mpya ulinijibu, na hiyo niliuliza kwa utani tu.

Sasa neno lenyewe. Nimemwambia Elisée dereva wa lori akupe barua hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine, kwa sababu inamhusu mama.

Mwezi uliopita Daktari Kapinga, mganga wa ubongo, alitukusanya sisi wa kine akatufundisha siku tatu. Alisema ubongo unalishwa na mishipa kadhaa ya damu, na kila mshipa una eneo lake. Ukiziba mmoja, eneo lake ndilo linaloharibika na mengine yanabaki. Ukiziba ule mkubwa wa katikati upande wa kushoto, mtu hupoteza mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi maneno pia. Ukiziba wa upande wa kulia, maneno yanabaki, lakini mkono na mguu wa kushoto vinalala. Halafu kuna jambo ambalo sikulijua: mgonjwa huyo anaweza kuupoteza upande wote wa kushoto wa dunia. Macho yapo, ila akili haiendi huko. Anakula nusu ya sahani na kulalamika kuwa chakula ni kidogo. Ukimwita kutoka kushoto, anageuka kulia kukutafuta.

Yaya, niliposikia hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Baada ya kiharusi chake mama alikuwa anakula nusu ya bukari sahanini, ile ya kulia, nasi tukasema ni uzee. Miaka yote hii nafanya kazi na wagonjwa wa namna hiyo, lakini sisi wa kine tunaangalia mkono na mguu. Sahani hatuiangalii.

Ulipokuja kumwona ile Septemba ya 2021, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda upande wake wa kulia, kati ya kitanda na ukuta. Wewe nilikuwekea kiti upande wa kushoto, karibu na mlango. Ulimwita, akageuza uso ukutani. Ukamwita tena, akazidi kugeuka. Uliinuka ukaondoka bila hata kunywa maji. Siku tisa baadaye tulimzika, nawe ulisimama nyuma kabisa ya watu.

Najua ulichofikiri. Ulifikiri hajakusamehe kuiacha ile kazi ya mgodini aliyokuhangaikia, ukaenda kulima. Tangu siku hiyo hujaenda kaburini kwake na hujataja jina lake.

Hakukukataa. Ulikuwa upande ambao kwake haukuwepo tena, na kiti nilikiweka mimi. Nakuuliza jambo moja tu: unaniamini? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mdogo wako anayekusubiri,
Laurentine


Lukafu, 17 Machi 2024

Mudogo yangu Laurentine,

Amani iwe kwako na kwa Abigaël. Elisée amenikabidhi barua yako mkononi, akaniambia maneno uliyomtuma. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha sala.

Sisi hatujambo. Mwisho wa Februari kichwa kiliniuma asubuhi moja, vibaya kabisa, nikalala siku nzima, kikapita. Mahindi yamesimama vizuri. Albertine amepanda karanga kando ya mto na ana mpango wa kuniaibisha kwa mavuno yake. Kanisani nimempa Chance, yule binti aliyemaliza shule mwaka jana, kazi ya kusoma masomo ya Jumapili. Vijana lazima wazoee. Miaka ishirini mimi katekista nasoma peke yangu, imetosha, sasa nahubiri tu.

Mbuzi amezaa mapacha. Mahindi yamesimama vizuri, na Albertine amepanda karanga kando ya mto.

Naishia hapa kwa sababu lori linanguruma nje.

Kaka yako,
Casimir


Lubumbashi, 31 Machi 2024, siku ya Pasaka

Yaya,

Heri ya Pasaka kwako na kwa Albertine. Hapa tumekula kuku, na Abigaël ameimba misa mbili mpaka sauti imekauka. Nimefurahi kusikia habari za mapacha wa mbuzi.

Umeniandikia juu ya mahindi mara mbili katika karatasi moja, na juu ya mama hukuandika hata mstari mmoja. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma nikidhani kuna ukurasa uliodondoka. Kama hukuniamini, sema. Kama umenikasirikia kwa sababu ya kile kiti, nitukane, nina mabega ya kubeba. Lakini usinipe karanga.

Na hicho kichwa kilichokuuma, nenda kituo cha afya wakupime presha. Nakuuliza: umekwenda? Na ile barua ya kwanza, umeisoma?

Laurentine


Lukafu, 28 Aprili 2024

Mudogo yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tumeanza kuvuna. Mwaka huu ghala litajaa, na panya wamekwisha pata habari.

Barua zako zote mbili ninazo. Kuhusu yaliyomo, nitasema nitakapokuwa tayari.

Macho yangu yamechoka. Nimenunua miwani sokoni, ikanipa kizunguzungu, nikamwachia Albertine avae akichagua mchele. Juzi nimemgonga Mama Marie-Thérèse kwa baiskeli. Alikuwa upande wa kulia na kikapu cha nyanya, sikumwona kabisa, na ni mtu mkubwa yule. Hakuumia, ila nyanya zimekwisha. Tangu hapo natembea kwa miguu, na hata hivyo bega la kulia nimeligonga kwenye mlango wa kanisa mara mbili. Nahisi mlango umepungua.

Chance anasoma vizuri. Padri alipopita aliuliza mbona sisomi mimi. Nikamjibu: "Acha batoto basome, Padri. Miye nitaitika amina." Alicheka.

Tumeanza kuvuna. Mwaka huu ghala litajaa.

Casimir


Lubumbashi, 19 Mei 2024

Mulamu wangu Albertine,

Barua hii ni yako. Kaa na mume wako mahali ambapo hakuna masikio mengine, umsomee kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Akikataa kusikiliza, mfungie mlango. Abigaël anakusalimu, sote tu wazima.

Yaya, sasa nasema na wewe kupitia mdomo wa Albertine. Nilikuwa nimekuandikia barua ya hasira ya kurasa nne. Kabla ya kuituma nilizipanga zako zote mezani, ile ya Januari na hizi mbili za baadaye. Mwandiko ni uleule wa shule ya masista, mzuri kuliko wangu. Hapo ndipo nilipodanganyika. Watu wangu wa kiharusi hawawezi kushika kalamu, mdomo umepinda, mguu unaburuzwa. Wewe unatembea, unahubiri, unaandika. Nikasema huyu ni mzima, ana kiburi tu.

Lakini habari zinarudiwa, kana kwamba mwandishi hajui alichokwisha andika. Hakuna swali hata moja lililojibiwa, kwa mtu aliyenijibu rangi ya mbuzi. Nyanya ziko kulia, mlango uko kulia. Nikazipeleka barua kwa Daktari Kapinga. Alizisoma, akauliza kichwa kiliuma lini, halafu akaniambia hivi: "Huyu muntu anaandika, lakini haezi kusoma. Hata ile aliandika yeye mwenyewe haezi kuisoma. Umulete."

Anasema kuna mshipa mwingine, wa nyuma, upande wa kushoto. Huo ukiziba haugusi mkono, mguu wala ulimi. Unachukua nusu ya kulia ya kuona, katika macho yote mawili, ndiyo maana miwani haisaidii. Na unakata njia ambayo herufi zilizoonwa hupita kwenda mahali pa maneno. Mkono unabaki unajua kuandika kwa sababu njia yake ni nyingine. Waganga wa kine hatuwaoni watu hawa, maana wanakuja hospitalini kwa miguu yao wenyewe, tena wanakwenda kwa mganga wa macho.

Albertine, mpe barua yoyote aliyoiandika, mwombe aisome. Kama nimekosea, nicheke mwaka mzima.

Kama sikukosea, mlete kwa lori hili hili la Elisée. Naogopa, sifichi. Kilichoziba mshipa mmoja kinaweza kuziba mwingine, na hatuchagui upi. Unaweza kuwa wa mkono, unaweza kuwa wa maneno. Presha inatibika, vidonge vipo.

Jambo la mwisho. Zile barua zangu mbili zilizo kwenye kitabu cha sala usimsomee, hata akiwa amelala usizifungue, mpaka akuombe mwenyewe. Ni zake.

Laurentine


Lukafu, 21 Julai 2024

Mudogo yangu,

Baridi imetushika huku, asubuhi tunaota moto kama wazee, na kweli ndivyo tulivyo. Tulifika salama kutoka kwako. Vidonge nameza kila siku, Albertine ananisimamia kwa ukali kuliko baba. Muuguzi wa hapa amenipima presha mara tatu na anasema imeshuka. Mshukuru Daktari Kapinga kwa ile picha ya kichwa. Nimewaonyesha watu lile doa la nyuma, na wamelitazama kwa heshima.

Nililala kwako wiki tatu na hatukusema juu ya mama. Wewe uliogopa, niliona. Mimi nilikuwa sijaisoma bado barua yako ya kwanza.

Nikueleze sasa. Siku ile kichwa kiliponiuma, niliamka kesho yake nikafungua kitabu cha masomo, nikakuta herufi zipo zote lakini hazisemi kitu. Niliona wino tu. Watu wa hapa nusu yao nimewafundisha kusoma mimi, Albertine pia. Ningewaambia nini? Wangesema katekista amelogwa, na ningepoteza kanisa. Halafu Elisée akaniletea barua yako akisema inamhusu mama. Nilidhani umeamua kuniandikia kwamba alikufa akinikataa. Sikutaka Albertine alisome hilo kwa sauti ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa naibeba kanisani na kuirudisha.

Baada ya zile siku ulizonifundisha kupitisha kidole juu ya kila herufi mpaka mkono wenyewe uitambue, niliitoa. Nimeisoma kwa kidole, herufi moja moja, mchana kwenye mwanga. Imenichukua siku tisa. Siku ya nne kidole kilifika kwenye "Ulimwita, akageuza uso ukutani," nikaacha, nikaenda shambani. Siku ya saba nikafika kwenye "Hakukukataa." Nilirudia neno hilo mpaka karatasi imechakaa hapo. Nimelia, Laurentine, kama mtoto, na Albertine alidhani ni ugonjwa mwingine umekuja.

Nakuamini. Ulitaka jibu hilo kabla ya mengine, samahani limechelewa.

Sasa na mimi nikuulize. Nilipokuwa natoka, taya la mama lilikuwa linasogea. Alikuwa anasema kitu, kwa sauti ndogo, akikutazama wewe. Umeniandikia kurasa tatu juu ya mishipa na hukuandika alisema nini.

Casimir


Lubumbashi, 4 Agosti 2024

Yaya,

Salamu. Abigaël ni mzima, nami pia. Naandika kwa herufi kubwa, na kila mstari nauishia katikati ya karatasi, ili usiupoteze upande wa kulia. Naandika machache. Nilijua utaniuliza hili, ndiyo maana kwa wiki tatu nilikuwa napika kila ulipotaka kukaa nami.

Mama alikuwa ananitazama usoni. Alisema: "Casimir iko wapi? Nimesikia sauti yake. Mumuambie aingie, asibakie ku mulango."

Ulikuwa hujafika barabarani. Ningekimbia ningekupata. Sikukimbia.

Aliuliza mpaka jua likazama. Kesho yake akauliza tena, na siku zote zile tisa. Nilimwambia umerudi Lukafu. Sikutuma mtu kukuita.

Nilikuwa na wivu. Miezi mitano nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, na hata siku moja hakuuliza "Laurentine iko wapi?" Wewe ulikaa dakika kumi, akaanza kukulilia. Nikasema moyoni, acha aende.

Kile kiti kilikuwa kutojua. Hili nililifanya nikijua, na akili zangu zote. Hakuna mshipa wa kuulaumu. Hukumu ni yako.

Laurentine


Lukafu, 1 Septemba 2024

Mudogo yangu,

Tuko wazima, joto limeanza kurudi, Albertine amevuna karanga kunishinda kweli na hajanyamaza tangu hapo. Barua yako nimeisoma kwa siku mbili tu. Ni fupi, na kidole kimeanza kupata mwendo.

Nimekasirika. Sitakuficha, maana wewe hukunificha. Siku tatu sikutaka kulisikia jina lako, na Elisée alipouliza kama nina barua ya Lubumbashi nilimwambia aende zake. Zile siku tisa hakuna atakayenirudishia. Nimewaza njia ile kutoka kitandani mpaka barabarani, ni fupi mno.

Siku ya nne nilikaa kula. Albertine alikuwa ameweka mboga ya sombe upande wangu wa kulia, nami sikuiona, nikawa nauliza: sombe iko wapi? Bukari ilikuwa mbele yangu na niliila bila kuuliza. Nikaacha kula. Nikatafuta kalamu.

Nitakuja na lori la tarehe kumi. Tutakwenda kaburini mimi na wewe, hatuhitaji watu wengine. Hasira iliyobaki nitakuja nayo, nadhani haitakuwa nyingi.

Na juu ya lile linalokuuma, kwamba mama hakuuliza hata siku moja uko wapi. Wewe ulikaa upande wa kulia, Laurentine. Miezi mitano yote ulikaa upande wa kulia. Aliniulizia mimi kwa sababu hakunipata. Wewe alikuwa anakuona.

Kaka yako,
Casimir